Kumbukumbu Hutunzwa Wapi?

1. Namna mbili za kujua

Dumila ni mji mdogo katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Uko penye njia panda, maana barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma yakutana hapo na barabara iendayo Kilosa. Watu wake wengi ni wakulima na wachuuzi, nao huuza mahindi, nyanya na vitunguu kwa wasafiri.

Mwezi wa Januari mwaka 2014 mvua kubwa ilinyesha katika nchi ile. Mto ulifurika, maji yakaingia vijijini, barabara kuu ikakatika, na magari yakasimama pande zote mbili yasiweze kupita. Mwulize mtu mzima yeyote aliyekuwapo siku ile, naye atakueleza mahali alipokuwa, kazi aliyokuwa akiifanya maji yalipomkuta, na upande aliokimbilia. Siku ile ilikuwa moja tu, wala haikurudiwa ili apate kuikariri. Hata hivyo ameishika.

Sasa mwulize mtu yule yule jinsi anavyopalilia mahindi haraka bila kukata miche. Atakuambia, "Nimezoea tu." Mkono wake wajua, lakini yeye mwenyewe hawezi kutaja siku aliyoanza kujua. Alijifunza polepole, kwa kurudia kazi ile ile mara nyingi.

Basi twaona kwamba kuna namna mbili za kujua. Ya kwanza ni kumbukumbu ya jambo: kujua kwamba kitu fulani kilitokea mahali fulani, siku fulani. Ya pili ni mazoea: kujua kutenda. Zamani watu walidhani kwamba zote mbili hukaa pamoja katika akili, kama nafaka katika ghala moja. Leo twajua kwamba sivyo. Katika ubongo kila moja ina mahali pake, na yaweza kupotea huku nyingine ikibaki. Habari hii ilijulikana kwa msaada wa mgonjwa mmoja, na kwa msaada wa kima.

2. Kiungo chenyewe

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi, au zaidi kidogo. Umegawanyika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Ukiweka kidole juu ya panja lako, karibu na sikio, kidole chaelekea upande wa ubongo ambao ndani yake, mbali na mfupa, kimelala kiungo kidogo kilichopinda. Urefu wake ni sentimita nne au tano, nao unene wake wakaribia wa kidole kidogo cha mkono. Kila nusu ya ubongo ina kimoja. Kwa hiyo kila mtu anavyo viwili.

Mwaka 1587 mganga mmoja wa mji wa Bologna, katika nchi ya Italia, jina lake Giulio Cesare Aranzi, aliandika habari za kiungo hiki. Alipokitazama alikumbuka samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi na mkia uliojikunja, yule ambaye sisi twamwita farasi wa baharini. Basi akakiita kwa jina la samaki huyo katika lugha ya Kiyunani, na kwa namna yetu ya kutamka twasema hipokampasi.

Hipokampasi haiko kwa binadamu peke yake. Sokwe anayo, nyani anayo, mbega, tumbili na komba wanayo, hata panya anayo. Lakini kwa zaidi ya miaka 350 baada ya Aranzi wataalamu hawakujua kazi yake hasa. Wengine walidhani kwamba ni kiungo cha kunusia. Ukweli ulijulikana kwa njia ya msiba.

3. Mtu ambaye hakuweza kushika jambo jipya

Huko Marekani palikuwa na kijana aitwaye Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926. Tangu utoto wake alisumbuliwa na kifafa, na dawa za siku zile hazikumsaidia. Ugonjwa ulizidi hata akashindwa kufanya kazi. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua kichwa akaondoa sehemu ya ndani ya ubongo wake, kulia na kushoto, na katika sehemu hiyo mlikuwamo sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Daktari alitumaini kwamba kifafa kingetulia, na kweli kilipungua. Walakini jambo lingine likaonekana, ambalo hakuna aliyelitazamia.

Henry aliweza kusema vizuri kama kwanza. Aliwajua wazazi wake, akayakumbuka mambo mengi ya utoto wake, na akili zake zilikuwa timamu. Lakini hakuweza kushika jambo jipya. Mtu alikuja akazungumza naye, kisha akatoka. Aliporudi baada ya dakika chache Henry alimsalimu kama mgeni ambaye hajapata kumwona. Alisoma gazeti, kisha akalisoma tena lile lile kana kwamba ni jipya. Wauguzi waliomhudumia kila siku hakuwajua.

Bibi mmoja mtaalamu, Brenda Milner wa mji wa Montreal nchini Kanada, alimchunguza kwa miaka mingi. Siku moja alimpa picha ya nyota, akamwambia aifuatishe mistari yake kwa kalamu, lakini asiutazame mkono wake, bali autazame katika kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu, kwa maana katika kioo mkono huonekana kwenda kinyume. Siku ya kwanza Henry alikosea sana. Siku ya pili alikosea kidogo, na siku ya tatu aliifanya kazi vizuri. Lakini kila siku alipoulizwa, alisema kwamba hajapata kuifanya kazi hiyo hata mara moja!

Tafakari neno hili. Mkono wake ulijifunza, naye mwenyewe hakujua kwamba umejifunza. Mazoea yalibaki, bali kumbukumbu ya jambo ilikuwa imekwenda. Henry aliishi hivyo kwa miaka 55, akakubali kwa upole kuchunguzwa ili wengine wafaidiwe. Alifariki mwaka 2008, na ndipo ulimwengu ulipojulishwa jina lake kamili, maana mpaka hapo vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, H. M.

4. Kima walitufundisha nini

Wataalamu hawakuweza kuridhika na habari za mtu mmoja. Tena haikuwezekana kumpasua mtu mwingine kwa ajili ya kujua tu; jambo hilo lingekuwa uovu. Kwa hiyo waliwageukia kima, wanyama ambao ubongo wao wafanana na wetu kuliko ule wa panya au paka. Kima hao waliolewa kwa dawa wasisikie maumivu, wakapasuliwa, kisha wakapona wakajaribiwa. Mpaka leo watu hubishana kama ni haki kuwatumia wanyama hivyo, na nchi nyingi zimeweka sheria za kuzuia mateso yasiyo ya lazima. Lakini yaliyojulikana ni makubwa, nasi yatupasa tuyaeleze.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Mortimer Mishkin wa Marekani. Jaribio lake lilikuwa hivi. Kima aliwekewa kitu asichopata kukiona, kwa mfano kikopo chekundu. Alipokisukuma alikuta karanga chini yake. Kisha pazia lilishushwa. Baada ya kitambo lilipandishwa tena, na sasa vilikuwapo vitu viwili: kikopo kile cha kwanza, na kitu kingine kipya. Safari hii karanga ilikuwa chini ya kile kipya. Kima mzima aliielewa kanuni upesi: "Acha ulichokwisha kukiona, shika kipya." Na kila mara vitu vilikuwa vingine, hata asiweze kutegemea mazoea. Ilimpasa akumbuke alichokiona punde hivi.

Mwaka 1978 Mishkin alieleza habari za kima walioondolewa hipokampasi pamoja na sehemu zilizo jirani yake. Pazia liliposhushwa kwa sekunde kumi tu, kima hao walichagua vema. Lakini liliposhushwa kwa dakika moja au mbili, walichagua kama mtu anayebahatisha. Walikuwa kama Henry: jambo lilipoondoka machoni, liliondoka na moyoni.

Ndipo likaja jaribio la pili, nalo lastaajabisha zaidi. Mwaka 1984 Mishkin na wenzake waliwapa kima jozi 20 za vitu. Katika kila jozi kitu kimoja kilikuwa na chakula chini yake siku zote, na kingine hakikuwa nacho kamwe. Kima walionyeshwa kila jozi mara moja tu kwa siku, wakarudishwa kesho yake, na keshokutwa, siku nyingi mfululizo. Ungedhani kwamba kima anayesahau baada ya dakika mbili hataweza kujifunza jambo ambalo hulikuta mara moja tu kwa siku. Kumbe aliweza! Kima waliopasuliwa walijifunza karibu sawasawa na wazima.

Sababu yake ni nini? Ni kwamba jaribio la pili halikuhitaji kulikumbuka tukio. Lilihitaji mazoea tu, nayo mazoea hujengwa katika sehemu nyingine za ubongo, zilizo ndani zaidi, ambazo hazikuguswa na kisu. Hivyo kima walithibitisha yale yaliyoonekana kwa Henry na nyota yake.

Baadaye wataalamu waliyapima mambo haya kwa uangalifu zaidi. Waligundua kwamba kazi hugawanywa hata kati ya majirani. Sehemu ya ganda la ubongo iliyo kando ya hipokampasi ndiyo ihusikayo sana na kukitambua kitu kilichokwisha kuonekana. Hipokampasi yenyewe huunganisha: kitu hiki, mahali hapa, wakati ule, pamoja na fulani. Kama vile uzi unavyoshika shanga mbalimbali zikawa mkufu mmoja, ndivyo hipokampasi inavyoyashika mambo mbalimbali yakawa kumbukumbu moja.

5. Mambo mapya na mambo ya zamani

Henry aliyakumbuka mambo mengi ya utoto wake. Basi, ikiwa hipokampasi ndiyo itunzayo kumbukumbu, hayo yalitoka wapi?

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Stuart Zola-Morgan na Larry Squire, walieleza jaribio walilolifanya ili kujibu swali hili. Waliwafundisha kima jozi 100 za vitu, kwa mafungu matano ya jozi 20. Fungu la kwanza walilifundisha majuma 16 kabla ya kuwapasua, na la mwisho majuma mawili tu kabla. Baada ya kupasuliwa, kima waliyasahau sana mambo waliyofundishwa karibuni, lakini ya zamani waliyakumbuka kama wale ambao hawakupasuliwa.

Maana yake ni kwamba hipokampasi si ghala la milele. Ni kama kihenge cha nyumbani ambamo mavuno huwekwa kwanza. Baadaye, polepole, hupelekwa katika ghala kubwa, yaani ganda la nje la ubongo. Kihenge kikiungua, mavuno ya mwaka huu hupotea, bali yaliyokwisha kufika ghalani hubaki. Ndiyo sababu mzee ambaye ubongo wake umeanza kudhoofika kwa ugonjwa wa usahaulifu aweza kukusimulia ngoma za ujana wake, naye amesahau kama amekula asubuhi. Katika ugonjwa huo hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema. Mzee huyo hakuambii uongo, wala hakufanyii ukaidi; basi mjibu kwa upole, hata akiuliza swali lile lile mara kumi.

6. Kumbukumbu ya mahali

Kusini-magharibi mwa mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Iringa, iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo nyani wa rangi ya manjano huishi kwa makundi, na wataalamu waliwafuata kwa miaka mingi wakiwatazama tu bila kuwadhuru. Nyani hulala juu ya miti, na kulipokucha hushuka kutafuta chakula. Hawatembei ovyo ovyo. Yawapasa kujua maji yako wapi wakati wa kiangazi, mti gani huzaa msimu gani, na nani katika kundi ni ndugu na nani ni mshindani. Wakulima walindao mahindi karibu na vilima na mapori hujua vizuri kwamba nyani hasahau njia ya shamba lililomshibisha. Mambo hayo yote, mahali na wakati na nani, ni ya namna ile ambayo hipokampasi huyaunganisha.

Jinsi kiungo hiki kinavyoshika mahali ilianza kujulikana kwa panya. Wenyeji wa Morogoro wanajua kwamba panya ni mwanafunzi hodari, maana katika Chuo Kikuu cha Sokoine panyabuku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Huko London, mwaka 1971, John O'Keefe alieleza kwamba ndani ya hipokampasi ya panya ziko chembe hai ambazo kila moja huamka panya anapofika mahali pake maalumu. Moja huamka penye kona, nyingine penye mlango, nyingine katikati ya chumba. Zote pamoja hufanya kama ramani. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norwei.

Kwa kima mambo yalikutwa yamebadilika kidogo. Katika miaka ya 1990 Edmund Rolls na wenzake wa Oxford walikuta katika hipokampasi ya kima chembe ambazo huamka kima anapopatazama mahali fulani, hata kama yeye mwenyewe amesimama mbali. Nalo halishangazi. Panya hutembea usiku akinusa na kupapasa, lakini kima hukaa juu ya tawi akatazama bonde zima. Jicho lake hufika kabla ya mguu. Hata sisi wanadamu tu hivyo: mtu aliyesimama kilimani huweza kusema, "Pale penye mwembe ndipo nilipomwacha ng'ombe," bila kushuka.

Tena kiungo hiki hukua kwa kazi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire wa London alipima ubongo wa madereva wa teksi wa mji ule, ambao hulazimika kujifunza maelfu ya njia kwa moyo kabla ya kupewa ruhusa. Alikuta kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na waliofanya kazi kwa miaka mingi zaidi walikuwa na kubwa zaidi.

7. Elimu hii yatufaa nini?

Kwanza, yatufundisha jinsi ya kusoma. Somo ulilosikia leo limo katika kihenge tu, bado halijafika ghalani. Ulirudie kesho, na juma lijalo, na mwezi ujao. Afadhali kulirudia kidogo kidogo kwa siku nyingi kuliko kulikariri lote usiku mmoja kabla ya mtihani. Unganisha jambo jipya na mahali, na watu, na mambo unayoyajua, ili uzi upate shanga za kushika.

Pili, lala vya kutosha. Mwaka 1994 ilionekana kwamba panya alalapo, chembe za hipokampasi yake zilizoamka pamoja mchana huamka pamoja tena, kana kwamba anaipita tena njia aliyoipita. Mwanafunzi anayekesha hudhani kwamba ameongeza saa za kusoma, kumbe amepunguza saa za kuhifadhi.

Tatu, linda ubongo wako na wa wadogo zako. Malaria ikipanda kichwani huudhuru ubongo wote, wala haichagui sehemu. Katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, watoto waliopona malaria ya namna hiyo walifuatwa kwa miaka miwili, ikaonekana kwamba kama mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa bado na upungufu katika kukumbuka, kuwaza au kutulia kwenye kazi. Walipona homa, lakini madhara yalibaki shuleni pamoja nao. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua, na mtoto akishikwa na homa apelekwe hospitali siku ile ile. Akipatwa na degedege, watu wasipoteze saa hata moja wakitafuta dawa nyingine.

Nne, usimwogope mwenye kifafa. Huko Mahenge, kusini mwa mkoa wa Morogoro, kifafa kimewasumbua watu wengi tangu zamani, na wagonjwa walitengwa kwa hofu kwamba povu la kinywani huambukiza. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu huko karibu mwaka 1960, na wengi wakapata nafuu kwa dawa za kumeza. Povu haliambukizi kifafa. Madaktari hawaondoi tena hipokampasi zote mbili kama alivyofanyiwa Henry, maana msiba wake uliwafundisha. Wagonjwa wengi leo huhitaji vidonge tu, kila siku bila kukosa, na mtoto anayevitumia aweza kukaa darasani pamoja na wenzake.

Henry hakuweza kukumbuka hata kwamba aliwafundisha watu. Lakini kwa ajili yake, na kwa ajili ya kima wale, twajua leo nini cha kulinda katika kichwa cha mtoto.

Maswali

1. Taja mambo mawili unayoyajua kwa mazoea, na mawili unayoyakumbuka kama matukio.
2. Kwa nini Henry aliweza kujifunza kuchora nyota, asiweze kukumbuka kwamba aliichora?
3. Kima walioondolewa hipokampasi na sehemu za jirani walishindwa jaribio la kwanza, lakini wakaweza la pili. Eleza sababu.
4. Kuna tofauti gani kati ya chembe za mahali za panya na zile za kima?
5. Mdogo wako ana homa kali usiku. Utafanya nini, na kwa nini?